Mwalimu Nyerere na somo la bei ya haki

WAFANYABIASHARA wa Kariakoo na Gerezani wanapolitaja jina la Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mara nyingi huwa na mawili ya kusema. La kwanza ni la shukrani: amani, lugha moja, na uhuru wa mtu kutoka Mbinga au Tarime akaja kupanga fremu Mtaa wa Kongo bila kuulizwa kabila lake. La pili ni la malalamiko, hasa kwa wazee: foleni za sukari, maduka yaliyofungwa, msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Yote mawili ni ya kweli.

Lakini liko la tatu ambalo halisemwi sana, na ndilo linalomgusa zaidi msomaji wa kurasa hizi anayelima au kuuza. Mwalimu alisoma uchumi, na aliusoma akiwa Mkatoliki aliyeamua mwenyewe akiwa kijana wa miaka 21. Kwa hiyo kila alipoiona faida aliuliza swali ambalo vyuo vingi vya biashara hulipitia harakaharaka: faida hii imetoka mfukoni mwa nani, na mwenye mfuko alikuwa na uwezo wa kukataa?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko Mwalimu. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka uitwao Rerum Novarum, kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya. Alitetea haki ya mtu kumiliki mali, lakini akasema pia kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu mwenye njaa ameukubali. Miaka 40 baadaye, mwaka 1931, Papa Pio XI akaongeza jambo ambalo kwa Kiswahili huitwa kanuni ya auni. Maana yake ni nyepesi: kazi ambayo familia, kikundi au chama cha chini kinaiweza, mkubwa asikinyang'anye, aliye juu asaidie, asichukue. Maandiko ya namna hiyo kwa ujumla wake ndiyo yanayoitwa Mafundisho Jamii ya Kanisa. Msomaji asiye Mkatoliki asihofu, kwani muumini wa Kiislamu atakuta mengi anayoyajua kutoka katika mafundisho yake mwenyewe kuhusu riba na mizani. Tuziweke kando kanuni hizo mbili, bei ya haki na auni, maana maisha ya Mwalimu yalizifuata zote mbili na baadaye yakaivunja moja.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa tayari na umri wa miaka 12, kisha akaenda Tabora Boys na baadaye Makerere, Uganda. Alibatizwa Desemba 1943. Aliporudi na cheti cha ualimu hakwenda serikalini ambako mshahara ulikuwa mkubwa zaidi. Alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, shule ya misheni iliyoongozwa na Padri Richard Walsh wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers.

Hapo Tabora ndipo lilipotokea jambo dogo ambalo waandishi wengi huliandika kwa sentensi moja na kupita. Kwa muda mfupi Mwalimu alifanya kazi ya ziada ya ukaguzi wa bei. Ilikuwa miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, bidhaa ni haba, na serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka bei za vitu dukani. Kijana yule akaingia maduka, akaona bei za uongo, akaandika taarifa zake na kuzipeleka kwa wakubwa. Wakubwa hawakufanya lolote. Akaacha kazi ile.

Kwa mtazamo wangu, hiyo ndiyo shule yake ya kwanza ya biashara. Pale alijifunza kwamba bei si namba tu iliyoandikwa ukutani. Sisi tuliosoma uchumi wa kilimo tulichorewa ubaoni mistari miwili, wa wanunuzi na wa wauzaji, na pale inapokutana ndipo bei ilipo. Mchoro ule ni sahihi ikiwa pande zote mbili zina taarifa sawa na zinaweza kusubiri sawa. Mwanakijiji wa Unyamwezi hakuwa na duka jingine la kwenda na hakujua sabuni inauzwaje Mwanza. Aliyekuwa na habari alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta.

Padri Walsh ndiye aliyemhimiza aende Uingereza. Mwaka 1949 Mwalimu akaenda Edinburgh, Scotland, akasoma uchumi wa siasa, historia ya uchumi, falsafa ya maadili, historia ya Uingereza, sheria ya katiba na elimu ya jamii za watu, akapata shahada mwaka 1952. Tazama mchanganyiko huo. Uchumi na maadili vilikuwa katika shahada moja, kwa mwanafunzi mmoja, katika miaka ileile. Leo mwanafunzi wa biashara akifundishwa maadili, mara nyingi hufundishwa somo moja la muhula mmoja, linalowekwa mwishoni baada ya uhasibu na masoko, kana kwamba ni pilipili ya kunyunyizia.

Alirudi, akamwoa Mama Maria Januari 1953, kisha akaja kufundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kutoka Pugu alikuwa akija mjini kwa shughuli za chama, na mji aliokuja ulikuwa huu wetu. Huko Gerezani, Mtaa wa Kipata ambao sasa ni Mtaa wa Kleist, ndiko ilikokuwa nyumba ya Mzee Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association ya mwaka 1929. Mwanawe Abdulwahid alikuwa mkuu wa Soko la Kariakoo. Chama kilipogeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954, mfuko wake haukutoka serikalini wala kwa wafadhili wa nje. John Rupia, makamu wa rais wa chama, alikuwa mfanyabiashara. Dossa Aziz alitoa gari lake. Mama lishe, wachuuzi na makuli walinunua kadi kwa senti walizozipata sokoni. Ukitaka kusema ukweli, uhuru wa Tanganyika uligharimiwa kwa kiasi kikubwa na faida za biashara ndogo.

Machi 1955 Mwalimu alirudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, na akaambiwa achague kati ya siasa na kazi. Akajiuzulu Pugu, mshahara ukakoma. Kwa muda alikwenda kwao Musoma, ambako alimfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll kwa malipo. Aliporudi Dar es Salaam alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni. Na wakati mume akizunguka mikoani, Mama Maria alifungua duka dogo akiuza mafuta ya taa. Wanawake wanaouza leo mafuta ya kula kwa kipimo cha robo katika mitaa hiyohiyo wanaijua hesabu ya duka la namna hiyo: pipa linaisha, pesa ya pipa jipya haijatimia, na mtoto anadaiwa daftari shuleni. Familia ya Baba wa Taifa iliishi kwa hesabu hiyo.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mambo ya urais yanajulikana, tusiyarudie yote. Tutazame tu upande wa elimu.

Mwaka 1961 ulikuwa na mambo matatu yaliyokutana. Mei mwaka huo Papa Yohane XXIII alitoa waraka Mater et Magistra, ambao sehemu yake kubwa ni kuhusu kilimo. Humo alisema kwamba mkulima ameachwa nyuma na anahitaji barabara, mikopo, bima na bei inayolindwa, lakini pia kwamba mkombozi wa mkulima ni mkulima mwenyewe akiungana na wenzake katika ushirika. Katikati ya mwaka kikafunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari, ambako watu wazima wasiokuwa na shule ndefu walisoma uchumi na uongozi. Na tarehe 25 Oktoba kikaanza chuo kikuu chetu, kwa kozi ya sheria na wanafunzi wasiofika 20, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Elimu ya juu ya nchi hii ilianza ikisikia kelele za wachuuzi, kabla haijapanda mlimani.

Mwaka 1963 kikaja Chuo cha Ushirika Moshi, kwa ajili ya makarani na mameneja wa vyama vya msingi. Mwaka 1965 kikaja Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, karibu na Mnazi Mmoja, ambacho hadi leo hufundisha pamoja na uhasibu fani ya mizani na vipimo. Huko Nyegezi, Mwanza, Kanisa lilikuwa limeanzisha mwaka 1960 kituo cha mafunzo ya jamii. Vijana walifundishwa humo uhasibu, uongozi wa biashara na uandishi wa habari pamoja na mafundisho hayo ya Kanisa. Mwaka 1998 kituo hicho kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Vyuo hivi havikuanzishwa na mtu mmoja, lakini vilikua katika nchi ambayo rais wake aliamini kwamba kumfundisha mtu kuweka vitabu vya hesabu ni kumkinga asiibiwe.

Mwaka 1967 ndio uliokuwa wa mambo mazito. Azimio la Arusha lilitolewa tarehe 5 Februari. Wiki saba tu baadaye, tarehe 26 Machi, Papa Paulo VI akatoa waraka Populorum Progressio juu ya maendeleo ya mataifa maskini. Hakuna aliyemwigiza mwenzake, ila wasomaji wengi waliona kwamba hoja zilikuwa ndugu. Machi hiyohiyo Mwalimu akatoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kama majembe na mashamba ya shule. Ukiisoma vizuri utaona alitaka zaidi: wanafunzi wenyewe wapange kazi ya shamba, waweke kumbukumbu za gharama na mapato, na washiriki kuamua ziada itumike vipi. Kwa lugha ya leo lilikuwa ni somo la biashara kwa vitendo. Katika shule nyingi likabaki jembe, daftari la mapato likawa siri ya mwalimu mkuu, na mtoto akajifunza kwamba kilimo ni adhabu.

Oktoba 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na mifumo inayozalisha umaskini litaonekana liko upande wa wanaonufaika na umaskini huo. Alikuwa akilifundisha Kanisa lake somo ambalo Kanisa lilimfundisha.

Hata hivyo, alikuwa na doa moja kuhusu wafanyabiashara. Mwaka 1969 alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, mkopeshaji na mkataba wa ratili ya nyama. Tafsiri yenyewe ni nzuri mno. Lakini jina alilolipa ni Mabepari wa Venisi. Kwa Mwalimu, mfanyabiashara aligeuka bepari kwenye jalada tu, kabla hujafungua kitabu. Katika maandishi yake mkulima ana nafasi, mfanyakazi ana nafasi, lakini mwenye genge, mwenye kiduka cha mafuta ya taa, huoni hasa aketi wapi. Ni ajabu kwa mtu aliyelishwa na kiduka hicho.

Ajabu hiyo ilikuja kulipiwa mwaka 1976. Mapema mwaka huo ilianza Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi, hasa vijijini, yakafungwa ili yachukuliwe na maduka ya vijiji. Maduka ya vijiji hayakuwa na mtaji wala watu waliofundishwa, na katika sehemu nyingi wananchi wakakosa chumvi na sabuni. Haikupita miezi mingi operesheni ikasimamishwa. Kisha, Mei mwaka huohuo, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa.

Tukae kidogo hapa, maana hili ndilo jambo kubwa zaidi kwa wakulima. Vyama hivyo havikuletwa na TANU. Chama cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilianza mwaka 1925 na kuwa KNCU mwaka 1933. Wakulima wa pamba wa Ziwa waliunda vyama vyao baada ya kuchoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaviunganisha mwaka 1955. Ni kweli vilikuwa na wizi na upendeleo; tume ya mwaka 1966 iliyaeleza hayo. Dawa ya wizi ni ukaguzi, na wanachama wanaojua kusoma hesabu. Dawa iliyotumika ikawa kumwondoa mgonjwa kitandani. Mamlaka za mazao za serikali zikanunua moja kwa moja kutoka vijijini, gharama zao zikapanda, malipo yakachelewa, na sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikapungua.

Korosho ni mfano mchungu. Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha karibu tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na operesheni vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, lakini bei isiyolipa ilimfanya mkulima asione sababu ya kurudi kupalilia.

Mwanafunzi mzuri wa Mafundisho Jamii angeiona hitilafu mara moja. Bei ya haki ilibaki kwenye hotuba, lakini kanuni ya auni, ile ya mkubwa kutomnyang'anya mdogo kazi anayoiweza, ilivunjwa. Dola yenye nia njema ilikaa pale alipokaa yule muuzaji wa Tabora, nyuma ya kaunta peke yake, ikiwa na taarifa zote. Wakaguzi wa bei wakawa tena wanaandika taarifa ambazo hakuna anayezisoma.

Tofauti ya Mwalimu na viongozi wengi ni kwamba aliliona na kulisema. Ushirika ulirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa yalikuwa makosa mawili makubwa ya utawala wake. Novemba 1985 akang'atuka, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Mwaka 2005 Kanisa, kupitia Jimbo la Musoma, lilianza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu.

Sasa rudi Kariakoo. Jengo la soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kuzinduliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikulala. Gerezani, mafundi wa mabati na vyuma waliwahi kuunda ushirika wao, DASICO, wakitengeneza ndoo, majiko na matoroli bila kungoja amri ya mtu. Huo ulikuwa ni auni kwa vitendo, hata kama hakuna fundi aliyewahi kusikia jina la Pio XI.

Na lumbesa bado ipo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Tuseme mkulima wa viazi wa Njombe au wa vitunguu wa Mang'ola anauza magunia 20, na kila moja limeshonewa kilemba hadi likafika kilo 130. Analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Ametoa kilo 600 bure, yaani magunia sita kamili ya sheria, kiasi ambacho pengine ndicho kilichokuwa mbolea ya msimu ujao. Mchuuzi wa gengeni haipati nafuu hiyo, kwa sababu yeye hununua kwa sadolini na kwa ndoo. Inaishia katikati ya njia.

Dalali ataeleza kwamba mkulima alikubali mwenyewe, na hapo tunarudi kwa Leo XIII na ujira wa mwenye njaa. Mkulima hukubali kwa sababu lori limeshafika shambani, viazi vimeshang'olewa na mvua inanyesha. Walioponyoka ni wale walionunua mzani wa kikundi, wakapima kabla lori halijafika, na kumchagua mmoja wao mwenye simu awaulizie bei ya mjini tangu usiku. Mzani wa kikundi hauhitaji wizara. Unahitaji watu 15 wanaoaminiana na daftari ambalo kila mmoja wao anaruhusiwa kulifungua.